Mume Mwenza Kule Hamburg

Bibi yangu ana mume, na mume huyo ni mimi. Kwetu Kinampanda jambo hilo halihitaji maelezo, lakini kwa kuwa kuna watu wamelelewa na runinga, naeleza: bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu. Yeye ananitukana sura, mimi namtukana meno, ambayo yamebaki matatu na hayajuani. Nikitoka shule nauliza kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mke, chakula kiko wapi?" Naye anajibu bila kugeuka, "Mwanaume gani anauliza chakula na kuni hajaleta? Nitakuacha niolewe na dereva wa lori pale Shelui." Babu alishafariki, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi na mpinzani sikuwa naye. Nimeishi kwake tangu darasa la pili, maana baba na mama wako Rungwa na mizinga yao ya nyuki, na kule shule iko mbali kiasi kwamba ukifika, ni saa ya kurudi.

Sasa, likizo ya mwezi wa sita, shangazi yangu akamtumia bibi tiketi ya ndege. Shangazi ni dada yake baba. Ni muuguzi Hamburg, Ujerumani, ameolewa hukohuko, na ni miaka kumi na nane tangu aondoke. Bibi akasema hapandi ndege bila mume wake. Shangazi akacheka sana kwenye simu, kisha akatuma tiketi ya pili. Hivyo ndivyo nilivyofika Ulaya: kama mzigo wa mkononi wa bibi. Shuleni nilitangaza tofauti.

Pale uwanja wa ndege wa Hamburg ndipo ndoa yangu ilipoingia mdudu. Shangazi alikuja kutupokea na mwanawe wa pekee, yaani binamu yangu. Ana miaka kumi na sita kama mimi, ila urefu wake ni wa mtu aliyekula yai kila asubuhi tangu azaliwe. Meno yake yamefungwa waya ili yakae kwenye mstari. Alinyoosha mkono, akainama, akasema, "Shikamoo, bibi. Karibu sana," kwa Kiswahili kilichonyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi, ingawa baadaye niligundua kilikuwa kifupi. Bibi alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama, akasema, "Mume wangu."

Mbele yangu. Nikiwa nimebeba mabegi yake mawili.

Baadaye nilimfuata jikoni nikamwambia kwa Kinyiramba, lugha ambayo binamu hajui hata salamu yake, "Bibi, mume ni mmoja."

"Nani kasema? Wewe una cheti?"

"Nimekutunza miaka yote hii."

"Umenitunza wewe, au nimekulisha mimi? Na huyu ni mtoto wa binti yangu. Mtoto wa binti hana maswali. Wewe nimeambiwa tu kwamba ni wa mwanangu."

Alisema kwa utani, nami nikacheka kwa utani, ila kicheko changu kilikuwa na mchanga ndani.

Ningeyavumilia hayo yote kwa wiki mbili, kama isingekuwa Alhamisi ya mwisho. Tulikuwa tunakunywa chai. Shangazi akaweka kikombe chini, akasema bila kumtazama mtu, "Mama, mimi naona ubaki mpaka Desemba. Tiketi yako inabadilishika." Yangu haibadilishiki, maana shule inafungua. Tulikuwa turudi Jumapili. Nilipiga hesabu haraka, na mimi kwenye hesabu huwa si mwepesi: bibi akibaki, nyumba inafungwa, mimi nakwenda bweni kula maharage na wadudu wake, na huku mume wa pili anabaki na mke peke yake mpaka Krismasi.

Bibi alikunywa chai yake yote kwanza. "Nitakujibu kesho jioni," akasema. "Kesho si mlisema natembezwa mjini? Ngoja niuone mji wenyewe."

Ijumaa shangazi na mumewe walikuwa kazini, hivyo wa kumtembeza bibi tulikuwa sisi wawili. Kazi ya binamu ilikuwa kumfanya bibi aupende mji. Kazi yangu ilikuwa kumfanya auchukie. Binamu hakujua kwamba kuna mashindano, na nilidhani hilo litanisaidia.

Tulishuka kwenye treni karibu na bandari, kuanzia hapo ikawa ni miguu. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake, soksi mbili mbili, raba za shangazi na koti linalofika kwenye vifundo. Upepo ulikuwa unapiga. Mimi nikamwambia, "Bibi, baridi ya hapa haifai kwa mifupa ya mtu mzima."

"Kwani mwezi wa sita nyumbani hakuna upepo? Huu hauna hata vumbi."

Hilo likafa. Niseme ukweli, hata mimi mji ulikuwa unaniuma. Wivu ulinianzia miguuni. Unatembea saa nzima hakuna jiwe linalokukwaa, hakuna bodaboda inayotokea nyuma ya sikio. Binamu alikuwa anaingia barabarani bila kutazama kama mwana wa mfalme, na magari yanasimama yenyewe. Wazee wa umri wa bibi wanapita wanakimbia, wamevaa kaptula, hakuna anayewafukuza. Nikatafuta kasoro hata moja. Nikaona kinyesi cha mbwa, nikakionyesha kwa furaha, na papo hapo mwenye mbwa akainama akakiokota na mfuko.

Bandarini tulisimama kwenye vyuma vya ukingo. Nimeshaona malori mengi Shelui, yamepanga foleni mpaka nje ya mji, lakini ile meli iliyokuwa inapita ilikuwa imebeba Shelui nzima, makontena juu ya makontena, na bado ilikuwa inateleza polepole kama haina haja na mtu. Bibi aliifuata kwa macho.

"Dereva wake analala wapi?" akauliza.

"Bibi, meli haina dereva, inasukumwa na maji," nikasema.

Binamu hakujua, akakiri kwamba hajui. Akatoa simu, akasoma, akaonyesha kwa kidole lile jengo jeupe lililokuwa juu ya meli: kule juu kuna vyumba, jiko, na mpishi wao. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Mume huyu ukimwuliza kitu anatafuta. Wewe ukiulizwa unatunga."

Nikaona niachane na mji, nimshughulikie binamu mwenyewe. Tulikuwa tumeingia sehemu ya maghala ya zamani, majengo marefu ya matofali mekundu yamesimama ndani ya mifereji ya maji, kama mtu aliyeloweka miguu. Binamu alieleza kwamba zamani humo waliweka kahawa na mazulia na viungo. Kulikuwa na mgahawa, bibi akaenda chooni. Nikamvuta binamu pembeni, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha mtihani, "Sikiliza. Kwetu mtu mzima akitoka chooni anasalimiwa upya. Usiposalimia, ni dharau kubwa."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na unasimama."

Sikudhani angeamini. Lakini bibi alipotokea, lile jitu refu liliinuka katikati ya wazungu wanaokunywa kahawa, likainamisha kichwa na kusema kwa sauti, "Shikamoo, bibi." Watu wakageuka. Bibi akasimama palepale. Alimtazama binamu, akanitazama mimi, nami nikatazama sukari. Alijua. Bibi huwa anajua. Nikasubiri amwambie, "Usimsikilize huyu mshenzi." Badala yake akanyoosha koti lake kama mke wa mkuu wa mkoa, akasema, "Marahaba, mume wangu," na akacheka mpaka akashika kiti.

Baada ya hapo alikwenda chooni mara tatu kabla ya saa saba mchana. Nina hakika mara mbili hakuwa na haja yoyote.

Chakula cha mchana nacho kiliniangusha. Binamu alileta mikate yenye samaki ndani na vitunguu vibichi juu. Nikamnong'oneza bibi kwa Kinyiramba, "Samaki huyo hajaona moto. Amelazwa kwenye siki tu."

Bibi akafungua mkate, akamchungulia samaki. "Na wao wanakula?"

"Wanakula."

"Wamekufa?"

"Bado."

Akala. Alitafuna upande wa kushoto, ambako meno mawili yanakaribiana, na alichokilalamikia ni kitunguu peke yake. Alikitoa, akakinusa, akasema kitunguu hiki hakina hasira, na kwamba aliyekilima hakukinyima maji wakati wake. Binamu akaniomba nitafsiri, akacheka, akaandika kwenye simu yake maneno ya bibi. Kuandika kabisa. Miaka yote niliyokaa na bibi sijawahi kuandika hata neno lake moja. Nikiwa bado nalifikiria hilo, ndege mmoja mweupe wa pale bandarini alishuka kutoka hewani akachukua mkate wangu wote mkononi.

"Hata ndege wa hapa wanajua mgeni ni nani," bibi akasema.

Tuliingia kwenye kanisa lao kubwa lililo karibu na bandari, bibi akaketi kwenye benchi la mbele akasali muda mrefu. Mimi na binamu tulikaa nyuma. Ndani kulikuwa kweupe, na kinanda chao kimepanda ukuta mzima. Binamu akanong'ona, "Wakati wa Krismasi kinapigwa, na waimbaji wanakuwa wengi. Nitamleta. Nimeshamwambia mama."

Hakusema kwa kunichokoza. Alikuwa amekaa ameweka mikono magotini, anautazama mgongo wa bibi kama mtu anayeangalia kitu atakachopewa. Ameshapanga mpaka Desemba, nikajisemea. Ameshapanga kiti atakachokalia mke wangu. Yaliyofuata yalitoka kwenye wivu huo, siwezi kumsingizia mtu.

Binamu alitaka tuvuke mto, tukauone mji kutoka ng'ambo. Njia zilikuwa mbili: boti ya abiria, au handaki la zamani linalopita chini ya mto. Pale kwenye mlango wa handaki akanisimamisha. "Mama anasema bibi anaogopa maji. Mwulize anataka nini. Akitaka, tusivuke kabisa."

Naijua hofu hiyo kuliko mama yake. Siku moja nilimpeleka bibi hospitali Singida mjini, tukapumzika karibu na Ziwa Singidani, naye akakataa kukaa akiwa ameligeuzia mgongo. Alisema maji mengi namna ile yana mambo yake, si vizuri yakuone hujajiandaa. Huko nyuma, akiwa msichana, kuna mtoto wa jirani mto ulimchukua wakati wa masika, na bibi alikuwepo. Hapendi kulizungumza.

Kwa hiyo nilimgeukia, nikamwambia kwa Kinyiramba, "Kuna lifti inashuka kwenye barabara ya chini. Imejengwa kwa vigae vizuri." Kila neno lilikuwa kweli. Bibi akasema twende. Nikamgeukia binamu, nikasema kwa Kiingereza, "Nimemwambia ni chini ya mto. Anajua. Anataka."

Huo ndio uongo wenyewe. Ni mfupi hivyo.

Lifti ilitushusha chini sana, kwenye shimo la mviringo lenye ngazi zinazozunguka ukutani. Halafu likaanza handaki: bomba refu jeupe, taa zimepangwa mpaka macho yanapoishia, baiskeli zinapita katikati na waenda kwa miguu pembeni. Mpango wangu ulikuwa bibi achukie tangu mlangoni. Wapi. Alilipenda. Kwenye kuta walikuwa wamebandika picha za udongo, samaki, kaa, na mahali pamoja kiatu kikuukuu kilichozungukwa na panya. Bibi alipapasa kila moja. Kwa panya alisimama kabisa.

"Wamejenga nyumba nzuri hivi, halafu wakachora panya," akasema. "Hawa watu nimeanza kuwaelewa." Akamshika binamu mkono. "Mume wangu, mji wako unanipendeza."

Yeye alikuwa katikati, binamu kulia, mimi kushoto. Mkono wangu hakuwa ameushika. Tulikuwa tumefika kama nusu ya njia. Nikainama kwenye sikio lake, nikasema kwa Kinyiramba, taratibu kama mtu anayetoa habari njema:

"Bibi, unajua tuko wapi? Huo mto uko juu yetu. Zile meli zinapita hapa, juu ya kilemba chako."

Nilitegemea atapiga kelele, atanitukana, atasema nirudisheni kwetu. Hakupiga kelele. Alitazama juu, kwenye dari jeupe. Kisha akaweka kiganja ukutani, juu ya samaki mmoja wa udongo, akashuka taratibu mpaka akakaa chini na kitenge chake pale njiani. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Mwanamke mmoja wa baiskeli alisimama akauliza kitu, binamu akamjibu haraka haraka, halafu akapiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, unaumwa? Bibi?" Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kijerumani, kama vile bibi angekielewa kwa sababu ya shida. Kisha akanigeukia. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tuko chini ya mto."

"Lakini ulisema anajua."

Mimi ndiye mtu ambaye mwalimu wa nidhamu alishasema ningeweza kumwuzia chura maji. Pale nikabaki kuhesabu vigae. Binamu alinitazama, nikaona inamwingia polepole, maana si mtu wa kufikiria ubaya haraka. Hakunitukana. Alivua koti lake akamfunika bibi miguu.

Nikakaa chini, upande wake mwingine. Sakafu ilikuwa ya baridi. Ukisikiliza sana, au labda ni moyo wangu, kulikuwa na mngurumo juu.

Bibi akasema kwa Kinyiramba, bila kunitazama, "Ulijua tangu kule juu?"

"Nilijua."

"Na mimi na maji unatujua."

"Nawajua."

"Ukaona uje kuniambia hapa katikati."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ukatae kubaki."

Baiskeli tatu zilipita. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, "Niinueni. Mwisho upi uko karibu?"

Binamu akasema pande zote ni sawa.

"Basi twende mbele. Woga wa kwenda na wa kurudi ni mmoja."

Alitembea sehemu yote iliyobaki ameshika ukuta. Mkono wangu aliukataa, na wa binamu pia. Alikuwa anaimba chinichini wimbo wa kanisani, ubeti mmoja huohuo, na sisi wanaume wake wawili tulimfuata nyuma kama ndama.

Ng'ambo kulikuwa na benchi linalotazama mji. Minara ya makanisa, meli, madirisha yanang'aa, kila kitu ambacho binamu alikuwa amekitunza mpaka mwisho ili akitoe kama zawadi. Hakuna aliyekieleza. Bibi alikaa akautazama mto uleule, umelala mbele yake, na mto haukumfanya kitu.

"Tangu asubuhi mnanivuta kama mbuzi wa mnadani," akasema. "Huyu huku, huyu kule. Kuna mmoja wenu ameniuliza nimekuja kumwona nani?"

Binamu alikuwa ameelewa nusu, nikamtafsiria. Safari hii nilitafsiri sawasawa, hata yale ya mbuzi.

"Binti yangu aliondoka nyumbani ana nywele nyeusi. Miaka yote namsikia kwenye simu, mama hujambo, mama umekula. Juzi ameinama kuniwashia jiko, nimeona ana mvi. Mtoto niliyemzaa ana mvi, na mimi sikuwepo zilipokuwa zinaota." Alifuta pua na ncha ya kilemba. "Nitabaki mpaka huo mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshaamua jana, kabla chai haijaisha. Nilitaka tu kutembea."

"Na mimi?" nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa chekechea, na binamu alikuwepo, na sikujali.

"Wewe una shule. Utakwenda bweni kama wenzako. Jumamosi utakuja kufungua madirisha nyumba ipate hewa, na utatazama kuku jirani amewalishaje." Halafu akaniita jina langu. Jina langu ni la babu, na hapa siandiki jina la mtu yeyote, lakini ndilo aliloniita, lote, kama linavyosomwa darasani. Miaka mingi sikuwa nimelisikia kinywani mwake. Siku ile yote hakuniita tena mume. Binamu pia hakumwita, kusema haki, ila hilo halikunisaidia.

Wakati wa kurudi binamu aliuliza kwa woga kama tupande boti. Bibi akasema hapana, tutapita kulekule, na mimi nitangulie mbele ili anione. Nikatangulia. Ni vigumu sana kutembea kawaida wakati mtu anakutazama mgongo.

Jioni shangazi alirudi kazini akakuta bibi anamenya viazi. Bibi akamwambia hapohapo, bila utangulizi, kwamba atabaki. Shangazi aliweka mkoba chini, akasema, "Sawa mama," akaenda bafuni akafungua maji kwa muda mrefu, akatoka uso umelowa mpaka kwenye kola. Akauliza tulitembeaje. Nikasubiri. Binamu akasema tulitembea vizuri, bibi alichoka kidogo kwenye handaki. Basi. Hakunitazama hata. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa urefu, kuliko kwa meli, kuliko kwa magari yanayosimama. Ana kila kitu, halafu ana na hicho.

Jumapili nilirudi peke yangu. Shuleni nilisimulia kwamba nilitembea chini ya bahari, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu. Nilipoulizwa bibi alionaje, nilisema alifurahi sana. Bweni ni kama nilivyotegemea, na wadudu ni wengi kuliko maharage. Jumamosi nakwenda Kinampanda, nafungua madirisha, nawatazama kuku, nakaa kwenye kigoda chake na kupiga simu. Anapokea. Ananiuliza masomo, kuku na mvua. Ananiita jina langu. Namwambia mke wangu umekula nini, anajibu alichokula, kama vile aliyeuliza ni karani wa sensa.

Jumamosi iliyopita, kabla sijapiga, simu iliingiza picha kutoka kwa binamu. Bibi yuko kwenye boti, katikati ya ule mto. Ameshika vyuma vya ukingo kwa mikono yote miwili, kilemba kinapepea, na shangazi amesimama nyuma yake amemkumbatia kiunoni. Maji kila upande. Binamu alikuwa ameandika: "Ameomba mwenyewe. Alisema anataka kupita juu, achungulie mahali alipokaa chini."

Niliikuza ile picha mpaka uso wake ukawa vipande vipande. Nilikuwa natafuta woga. Nilikuwa natafuta hata kidogo, kwenye midomo, kwenye vidole, kitu cha kunionyesha kwamba mtu aliyezoea kumshika mkono anahitajika pale. Sikukiona. Mkono wa shangazi ulikuwa umeshika vizuri sana. Nikaona wivu wangu wote wa mwezi wa sita nilikuwa nimeuelekeza kwa binamu, ambaye hata si yeye mpinzani, na kwamba mpinzani mwenyewe, shangazi, siwezi kushindana naye, kwa sababu yeye alianza kushikwa mkono na bibi kabla baba yangu hajazaliwa.

Nilikaa nayo mpaka kuku wakaanza kuingia ndani wenyewe. Kisha nikamwandikia binamu: "Mwambie mke wangu avae kofia, upepo wa hapo una ukorofi."

Alama zikaonyesha amesoma. Nikasubiri. Nikawahesabu kuku, jogoo mmoja hayupo, nikamtafuta nyuma ya choo, nikampata, nikarudi. Jibu lilikuwa limeingia.

"Anauliza: mke wa nani? Na anacheka mpaka mama anamshikilia asianguke."